Soweto ya Mbeya, Frelimo ya Iringa, na Hip Hop Inayomlilia Mmarekani Tu

Mbeya kuna Soweto, Iringa kuna Frelimo. Bodaboda wa Mwanjelwa anakupeleka Soweto huku anapiga mluzi, wala haimjii akilini kwamba ametaja kitongoji cha Afrika Kusini ambako tarehe 16 Juni 1976 polisi wa makaburu waliwafyatulia risasi watoto wa shule. Iringa nako mtu akizidiwa usiku anakimbizwa Frelimo, hospitali yenye jina la chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Ukiingia ndani zaidi, upande wa Kilolo, unakutana na Mgagao, kambi walikofundishwa vita wapiganaji wa Zimbabwe, na ambako mwaka 1975 makamanda wao walitoa tamko lililomsogeza Robert Mugabe kwenye uongozi wa ZANU. Yaani Nyanda za Juu Kusini zimekula na kulala na vita dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mtu akisema hiyo ni ishu ya Wamarekani na wana wa huku wameiona tu kwenye simu, aulizwe vizuri amekulia wapi.

Kwa hiyo hakuna ubaya wowote mchanaji wa Mbeya kumlilia George Floyd. Ubaya unaanzia kwenye kile kinachofuata baada ya hapo.

Kuna mchanaji mmoja wa Mwanjelwa, jina kapuni, ambaye kitaa kinamheshimu kwa vina. Mei 2020 Floyd anakufa chini ya goti la askari kule Minneapolis. Wiki moja baadaye dunia nzima inaposti miraba myeusi Instagram, na jamaa naye anaposti. Siku mbili mbele anaachia mistari juu ya biti aliyoichukua YouTube, amevaa hudi nyeusi, ngumi juu, nyuma yake ukuta wa matofali ya kuchoma uliokaa kama Brooklyn vile. Mistari ilikuwa mikali, hilo asidanganye mtu. Ikasambaa kwenye magrupu, watu wakaweka status, hata wale wasiojua Minneapolis iko upande gani wa ramani wakaandika wamepata uchungu.

Basi mwana mmoja wa Iringa akamwandikia kwenye komenti: kaka, umeua, sasa tupe na ya Mwangosi.

Ile komenti haikujibiwa. Baada ya muda haikuonekana tena.

Kwa waliokuwa watoto wakati ule, Daudi Mwangosi alikuwa mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa. Tarehe 2 Septemba 2012 aliuawa kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, siku polisi walipokuwa wanawatawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wanafungua tawi. Picha za dakika zake za mwisho zipo, zilitoka kwenye magazeti, zinaonesha askari wamemzunguka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miaka 15. Iringa ilipata picha yake ya mtu anayekufa mikononi mwa polisi karibu miaka minane kabla ya Minneapolis. Sasa mtafute kijana wa leo wa Kihesa au Uyole, mwambie ataje nyimbo tatu za Mwangosi. Za Floyd atakutajia, tena na majina ya wasanii.

Hapo kuna watu watadakia: ya Mwangosi haikuwa ubaguzi wa rangi, askari mweusi, mwandishi mweusi, wote wamekua kwa ugali uleule. Ni kweli. Lakini waliosikiliza hip hop kwa makini wanajua kwamba hata kule ilikotoka, rangi ilikuwa mlango tu wa kuingilia. "The Message" ya Grandmaster Flash mwaka 1982 inazungumzia nyumba mbovu, takataka, madeni na mtu anayekaribia kuchanganyikiwa kwa maisha magumu. Mtu yeyote aliyepanga chumba bondeni kule Ilemi anaielewa bila mkalimani. Swali la hip hop siku zote lilikuwa nani anaonekana mtu na nani haonekani mtu. Marekani jibu limeandikwa kwenye ngozi. Huku limeandikwa kwenye cheo, kwenye kadi ya chama, kwenye gari ulilopanda.

Ndiyo maana jina la wimbo mmoja wa Mbeya lilichoma kuliko hotuba nyingi. Septemba 2023 mwalimu kijana wa hapohapo Mbeya alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa sababu ya wimbo unaoitwa "Mnatuona Nyani". Tulia na hilo neno kwanza. Nyani ni tusi ambalo wazungu wamemtupia mtu mweusi kwa miaka na miaka, na mpaka leo mchezaji mweusi akishika mpira kwenye viwanja fulani vya Ulaya anapigiwa kelele za nyani. Ni tusi la rangi kamili. Na dada wa Mbeya akalichukua, akaligeuza, akawauliza watawala weusi wenzake. Haukuwa wimbo wa hip hop kwa wanaopenda kupanga muziki kwenye makabati, lakini kwa roho ulikuwa hip hop kuliko albamu kibao zenye picha ya cheni kwenye jalada. Kuliko na ule wa mwana wa Mwanjelwa mwenye hudi, kama tunasema ukweli.

Na wachanaji wenye majina walisema nini siku zile? Wachache walipaza sauti. Wengi walikaushia. Mwana wa Mwanjelwa wiki ile aliposti viatu.

Kumcheka ni rahisi, ila haki yake apewe. Jamaa ana mtoto, ana mama anauza ndizi sokoni, ana dili la kuchezesha uhamasishaji wa kampuni ya simu ambalo likikatika na kodi inakatika. Na anajua historia ya mji wake. Kila mtu wa Mbeya anaijua, kwa sababu gereza la Ruanda liko katikati ya jiji na watu wanalipita wakienda kwenye shughuli zao. Tarehe 26 Februari 2018 aliingizwa humo Joseph Mbilinyi, Sugu, mbunge wa Mbeya Mjini, kwa kifungo cha miezi mitano. Kosa: maneno dhidi ya Rais Magufuli kwenye mkutano wa hadhara wa Desemba 2017. Alihukumiwa pamoja na katibu wa Chadema Kanda ya Nyasa, Emmanuel Masonga, na wakatoka Mei 10 mwaka huohuo.

Huyo ni Sugu, siyo chipukizi. Ndiye aliyefanya rap ya Kiswahili isikike hata vijijini miaka ya tisini, na "Hali Halisi" ya mwaka 1998 bado inatajwa kila watu wanapobishana wimbo gani uliifungulia njia hip hop ya kusema siasa nchini. Mwaka 2010 Mbeya ikamchagua kuwa mbunge, ikamrudisha 2015. Kama mtu mwenye kura za jiji zima nyuma yake alilala Ruanda kwa maneno ya jukwaani, mchanaji mwenye wafuasi elfu nne na simu iliyopasuka kioo anajipa moyo na nini?

Mwaka mmoja kabla ya hapo ndiyo ulikuwa mwaka wa kuogofya. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wa "Wapo", akaachiwa kesho yake baada ya Rais mwenyewe kusema wimbo ameupenda na kupendekeza mistari ya kuongeza. Watu walishangilia, kumbe jambo lenyewe lilipaswa kuwatisha: uhuru wa mchanaji ulitegemea kama mkubwa kaupenda wimbo. Wiki moja na kitu baadaye, Aprili 2017, Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe jijini Dar. Walipoonekana siku tatu baadaye walikuwa na majeraha. Wimbo alioutoa baada ya hapo aliuita "Zimbabwe". Jina hilo watu wa Mgagao wangekuwa na la kusema juu yake.

Kwa hiyo woga una sababu. Kinachokera ni woga kuvaa nguo za ushujaa. Kumchana askari wa Minneapolis ukiwa Mwanjelwa hakuna gharama yoyote. Yule askari hatakuja, na mwenye kampuni ya simu hatakasirika. Mtu akiamua kukaa kimya kwa sababu ana mtoto, hiyo ni heshima yake. Ila akikaa kimya kuhusu Nyololo halafu akanyanyua ngumi kuhusu Minnesota, na mashabiki wakamwita sauti ya wanyonge, basi hapo neno mnyonge limekuwa vazi la kupigia picha.

Na hata hiyo rangi yenyewe, ikiwa mtu anataka kubaki kwenye rangi tu, Iringa imemwekea biti mezani na hajaigusa. Kalenga iko kilomita chache tu kutoka mjini. Pale kwenye makumbusho kuna fuvu la Mtwa Mkwawa. Wengi walipelekwa kuliona na shule, wakaandika muhtasari, wakanunua karanga, wakarudi. Lakini sikiliza jinsi lilivyosafiri. Agosti 1891 Wahehe waliisambaratisha kolamu ya Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Zelewski. Mwaka 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa akapigana porini miaka minne, na Julai 1898 akajiua asikamatwe hai. Kichwa chake kikakatwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, uleule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ukaweka kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Haikurudisha. Gavana Twining alipokwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen miaka ya hamsini alikuta mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wakalipata kwa kupima vipimo vya kichwa na kulinganisha na vya ndugu zake. Likarudi mwaka 1954.

Mafuvu elfu mbili kwenye rafu. Yalikusanywa kwa sababu wasomi wa Ulaya walitaka kuthibitisha kwa rula kwamba mtu mweusi yuko chini. Na hadithi haijaisha: Berlin walikuwa na mengine zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na Septemba 2023 vipimo vya vinasaba vikaonesha baadhi yana ndugu walio hai hapa Tanzania. Novemba mosi mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyofanywa wakati wa Majimaji. Familia ya Nduna Songea Mbano bado inasubiri kichwa cha babu yao.

Hiyo ndiyo haki ya rangi, na imelala kwenye kabati la kioo, umbali wa safari moja ya bajaji kutoka Miyomboni. Mchanaji gani wa New York ana stori ya namna hiyo?

Anasikika binti mmoja wa Iringa, mwanafunzi wa chuo, jina kapuni pia, ambaye kwenye vilinge vya mitindo huru huwa anaichana Kalenga. Hana video wala meneja. Waliomsikia wanasema akifika kwenye vile vipimo vya kichwa uwanja unanyamaza, kwa sababu anaanza kutaja namba tu, sentimita kwa sentimita, kama fundi nguo anayempima mteja. Mtangazaji mmoja alimshauri atafute kitu chepesi kidogo, cha mapenzi hivi, ndipo redio itamsaidia. Binti akamjibu, shikamoo kaka, asante. Akaondoka.

Ukitaka kujua rangi inavyoheshimiwa kwenye muziki wa hapa, tazama video zenyewe. Mchanaji anapaza sauti kuhusu weusi wake, halafu warembo wote waliomzunguka wametafutwa weupe, na asiye mweupe kapakwa mpaka akafanana na wenzake. Mkorogo unauzwa Kabwe mchana kweupe na video ndiyo tangazo lake. Tusiende mbali na hilo, kila mtu ana macho.

Turudi kwa Sugu, maana hapo ndipo ubishi wa vijiweni unapopamba moto. Mei 2022 alisherehekea miaka 30 ya muziki wake jijini Dar, na mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Mtu aliyefungwa kwa kumsema Rais mmoja akakaa jukwaa moja na Rais aliyefuata. Wapo waliosema kauza mechi. Wengine wakasema hip hop imeshinda, kama Ikulu imekuja yenyewe. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, huyohuyo akagombea uenyekiti wa Chadema Kanda ya Nyasa na kumshinda Mchungaji Peter Msigwa wa Iringa, na haukupita muda Msigwa akahamia CCM. Wale wa kauza mechi wakakosa pa kuegemea, maana aliyebaki upinzani ni mchanaji na aliyevuka ni mchungaji. Mnyalu ukimtania na hiyo, jiandae kununua soda.

Msanii kula na mkubwa meza moja si dhambi. Mwana FA alikwenda mbali zaidi, mwaka 2020 akawa mbunge wa Muheza na Februari 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa wizara yenye sanaa ndani yake. Yaani Baraza la Sanaa, linaloita wasanii na kufungia nyimbo, likawa chini ya wizara ambayo naibu wake ameshika kipaza sauti maisha yake yote. Kipimo cha watu hawa kiwe kimoja: mchanaji mdogo akiitwa kujieleza kwa ajili ya wimbo, wao wako upande gani wa meza? Picha za sherehe hazijibu hilo.

Izzo Bizness, mwana wa Mbeya, aliwahi kuonesha njia nyingine. Kwenye "Riz One" hakutukana wala hakunyanyua ngumi. Alimtumia ujumbe mtoto wa Rais aliyekuwapo madarakani, amfikishie baba yake jinsi maisha yalivyo huku chini. Ni akili ya Kiafrika kabisa: mkubwa hafokewi usoni, unapitia kwa mtoto wake. Wimbo ukapigwa kila mahali na Izzo akalala kwake. Waliodhani hip hop ya kudai haki lazima iwe na sauti ya ugomvi wangeisikiliza tena ile, hasa wanaotafuta upenyo wa kusema bila kupotea.

Maana wengi wanasahau kwamba hata Marekani haikuwa mteremko. N.W.A. walipotoa wimbo wao dhidi ya polisi mwaka 1988, ofisa wa FBI aliandikia barua kampuni yao kulalamika. Kilichowalinda hakikuwa ubabe wao. Walikuwa na wanasheria, na waandishi waliokataa kunyamaza, na zaidi ya yote watoto wa mitaani walionunua kanda kwa wingi mpaka kampuni ikaona hasara ya kuwatosa ni kubwa kuliko faida. Mwaka 2015 waandamanaji walipogeuza "Alright" ya Kendrick Lamar kuwa wimbo wa barabarani, Kendrick hakuwaomba. Watu waliubeba wenyewe.

Mbeya na Iringa nani anabeba? Wimbo unaogusa mkubwa unapita WhatsApp na maneno "futa ukishasikiliza". Anayeusikiliza anaweka spika za masikioni kwenye daladala ya Uyole kama mtu anayekula nyama ya wizi. Halafu huyohuyo jioni anaandika kwamba hip hop ya Bongo imekufa, siku hizi wanaimba matako tu. Imekufa vipi na umeifuta mwenyewe? Mchanaji anahesabu. Mistari ya Floyd ilipata watu elfu kumi na mbili kuitazama, na komenti kibao za moto na ngumi. Siku aliyodokeza kidogo, kidogo sana, kuhusu tozo za sokoni ambako mama yake anauza ndizi, alipata watu mia tatu, na nusu yao walimpigia simu faragha kumwambia mwanangu angalia.

Mia tatu, lakini ni mia tatu wa Mwanjelwa, wanaojua lile soko na wanaomjua mama yake.

Inasemekana kuna faili kwenye simu yake, limekaa tangu mwaka juzi. Limeandikwa tu "Nyololo". Aliwahi kuwachania washkaji wawili ndani ya bajaji iliyoegeshwa Mafiati, vioo vya mvua vimeshushwa, biti imepigwa kwa kiganja kwenye dashibodi. Mmoja wao ni mtu wa Mufindi. Ilipoisha, yule wa Mufindi akaomba irudiwe, ikarudiwa, kisha akauliza kama anaweza kutumiwa. Jamaa akasema bado anarekebisha ubeti wa pili.